Akina Cleopatra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malkia wa Jina Moja

Ukimtajia mtu jina Cleopatra, anayemjia akilini ni mmoja tu: yule wa Julius Caesar na Mark Antony, wa wanja na nyoka. Kumbe jina hilo lilikuwa la ukoo. Wanawake wengi wa nyumba za kifalme za Misri na Syria walilibeba kabla yake, na mmoja alilibeba baada yake. Baadhi yao walishika madaraka kwa muda mrefu kuliko yeye. Penye kisa nimejibu kwa kirefu, na pasipo na kisa nimepita haraka.

Walikuwa wangapi hasa?

Jibu la vitabuni ni saba, kwa kuwa yule mashuhuri huandikwa Cleopatra wa Saba. Hesabu hiyo ni ya malkia wa Misri peke yao, na hata hivyo ina kasoro: wa Tano na wa Sita, wote wenye lakabu ya Tryphaena, huenda ni mtu mmoja aliyehesabiwa mara mbili. Wanahistoria hawajaafikiana. Tena mabinti waliozaliwa Misri wakaolewa na wafalme wa Syria hawakupewa namba kabisa. Ukiwajumuisha hao, pamoja na akina Cleopatra wa Makedonia waliotangulia, unapita kumi.

Namba zenyewe ni za wanahistoria wa nyakati zetu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa "wa Tatu" au "wa Saba" akiwa hai. Walitofautishwa kwa lakabu: Thea, yaani mungu wa kike, Selene, yaani mwezi, Philopator, ampendaye baba yake.

Jina lina maana gani, na lilitoka wapi?

Ni la Kigiriki. *Kleos* ni sifa au utukufu, *pater* ni baba. Basi Cleopatra ni "utukufu wa baba". Limo hata katika Iliad ya Homer, ambamo mke wa shujaa Meleager anaitwa hivyo.

Katika familia za kifalme lilishamiri kwanza Makedonia. Dada wa Alexander Mkuu aliitwa Cleopatra, na arusi yake ya mwaka 336 KK ndiyo iliyogeuka msiba: baba yao, Philip wa Pili, alichomwa kisu na mlinzi wake mwenyewe mbele ya wageni. Mke wa mwisho wa Philip naye aliitwa Cleopatra. Olympias, mama yake Alexander, alimwangamiza mara tu baada ya kifo cha mfalme.

Alexander alipofariki, majenerali wake walimgombea dada yake kama mali ya urithi. Kila mmoja alijua kwamba kumwoa ni kujisogeza karibu na kiti. Mwaka 308 KK aliamua kwenda Misri kwa jenerali Ptolemy, mwanzilishi wa ukoo wa akina Ptolemy waliotawala Misri, lakini Antigonus, mpinzani wa Ptolemy, akamzuia katika mji wa Sardis na kuagiza auawe. Kisha akawaadhibu baadhi ya wauaji aliowatuma mwenyewe, na kumzika marehemu kwa heshima zote. Jina likakosa kuingia Misri kwa safari moja tu ambayo haikufanyika, na likasubiri miaka 115 mingine.

Nani basi alilileta Misri?

Binti wa adui. Antiochus wa Tatu wa Syria aliipokonya Misri nchi za Palestina na jirani zake baada ya vita vya Panium, kisha akaitafuta amani kwa kumwoza binti yake, Cleopatra, kwa kijana Ptolemy wa Tano. Huyu ndiye Ptolemy ambaye amri ya makuhani wake imechongwa kwenye Jiwe la Rosetta. Ndoa ilifungwa Raphia, karibu na Gaza, majira ya baridi ya 194 kuingia 193 KK, palepale ambapo Antiochus alikuwa amepigwa na majeshi ya Misri mwaka 217.

Watu wa Alexandria wakamwita Syra, Mshami. Mumewe alipofariki mwaka 180 KK, mwana wao alikuwa bado mtoto, na Cleopatra Mshami akaongoza nchi kwa niaba yake. Hati za serikali zilimtaja yeye kwanza, mtoto baadaye. Hakuipeleka Misri kupigana na ndugu zake wa Syria, na nchi ilitulia hadi alipofariki yapata mwaka 176. Kwa maoni yangu ndiye aliyewafungulia wengine mlango. Baada yake, jina Cleopatra likawa karibu sawa na cheo.

Kwa nini walirudia jina lilelile badala ya kutafuta jipya?

Kwa sababu jina lilikuwa madai. Wanaume wote waliotawala waliitwa Ptolemy. Mabinti walizungushiwa majina matatu: Arsinoe, Berenice na Cleopatra. Mwenye jina la mfalme alionekana ni mfalme yuleyule anayeendelea, na hakuna aliyepata nafasi ya kusema kwamba ukoo umekatika. Shida ilikuwa ya makarani. Wakati fulani Misri ilikuwa na malkia wawili wenye jina moja kwa pamoja, na nyaraka rasmi zikalazimika kuandika "malkia Cleopatra dada na malkia Cleopatra mke".

Ni kweli waliolewa na kaka zao?

Kweli. Desturi hiyo ilianzishwa na Ptolemy wa Pili alipomwoa dada yake Arsinoe. Wagiriki wengi walichukizwa. Watetezi wake waliitolea mfano miungu: Zeus na Hera kwa Wagiriki, Osiris na Isis kwa Wamisri. Sababu ya kiserikali ilikuwa nyepesi kueleweka: binti akiolewa nje, mume wake au wanawe wanaweza kuja kudai kiti.

Ilikuwaje mama na binti wakawa wake wa mume mmoja?

Hiki ndicho kisa kizito kuliko vyote katika ukoo huu, na aliyekibeba ni Cleopatra wa Pili, binti wa yule Mshami. Kwanza aliolewa na kaka yake, Ptolemy wa Sita. Wakiwa vijana walivamiwa na Antiochus wa Nne wa Syria, ambaye alikuwa mjomba wao, ndugu wa mama yao. Walitawala watatu pamoja, yeye na kaka zake wawili, mpaka kaka hao wakashindwana.

Mwaka 145 KK Ptolemy wa Sita alianguka kutoka kwenye farasi vitani huko Syria akafa. Mdogo wake, Ptolemy wa Nane, akaja Alexandria na kumwoa mjane, ambaye ni dada yake. Wakapata mtoto wa kiume, Memphites. Mfalme huyu alikuwa mnene mno, na watu wa Alexandria, ambao hawakuwa na simile kwa wakubwa wao, walimpachika jina Physcon, yaani Kitambi.

Miaka michache baadaye Kitambi akamwoa pia Cleopatra wa Tatu, binti wa mke wake kwa mume wa kwanza. Binti huyo alikuwa mtoto wa kaka yake na pia wa dada yake, na juu ya hayo alikuwa mtoto wake wa kambo. Hakumtaliki mama. Wakaishi watatu kwenye nyaraka: mfalme, dada, mke.

Yapata mwaka 132 mji ulimwasi. Kitambi akakimbilia Cyprus pamoja na mke mdogo, na Cleopatra wa Pili akabaki akitawala peke yake. Waandishi wa kale wanasimulia kilichofuata: Kitambi alimuua Memphites, mwana wake wa kumzaa, akaukatakata mwili na kumpelekea mama yake ndani ya kisanduku siku ya kuzaliwa kwake. Vita viliendelea kwa miaka. Malkia alikimbilia Syria, kisha, ajabu, akarudi wakapatana. Mwaka 118 KK watatu hao walitoa kwa pamoja amri ya msamaha kwa nchi nzima, wakifuta madeni ya kodi na makosa ya nyuma.

Watu huuliza aliwezaje kukaa meza moja na muuaji wa mwanawe. Mimi nasoma hivi: asingerudi, kiti kingebaki kwa binti yake na watoto wa binti yake, na yeye angefutika. Alirudi akaishi zaidi ya Kitambi mwenyewe, aliyekufa mwaka 116. Tangu alipoolewa mara ya kwanza hadi kifo chake, muda mfupi baada ya hapo, ni takriban miaka 60.

Je, kuna kitu cha hao wawili kinachoonekana leo?

Kipo, na kina umuhimu usiotarajiwa. Makuhani wa Isis katika kisiwa cha Philae walipeleka malalamiko kwa Kitambi na wake zake wawili kuhusu maofisa waliowatwisha gharama. Walipojibiwa vyema wakasimamisha mnara wa jiwe wenye maandishi. Katika karne ya 19 mnara huo ulipelekwa Uingereza, na uko Kingston Lacy hadi sasa. Jina Cleopatra lililochongwa juu yake kwa hieroglifu, maandishi ya picha ya Wamisri wa kale, lilimsaidia Mfaransa Champollion kulinganisha herufi na zile za jina Ptolemy: p, o, l. Mwaka 1822 alitangaza njia ya kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Cleopatra aliyetusaidia kusoma si yule mashuhuri.

Cleopatra wa Tatu aliishia wapi?

Kitambi alimwachia usia wa kuchagua mwana gani atawale naye. Akamchukua mkubwa, Ptolemy wa Tisa, aliyeitwa kwa utani jina la aina ya njegere, kisha akamfukuza akamleta mdogo. Alikufa mwaka 101 KK, na habari zilizoenea ni kwamba huyo mdogo aliyempendelea ndiye aliyemuua.

Cleopatra Thea ni nani, na kwa nini hana namba?

Hana namba kwa sababu hakuwa malkia wa Misri. Alikuwa binti wa Cleopatra wa Pili na Ptolemy wa Sita, dada wa tumbo moja wa Cleopatra wa Tatu. Wanaosoma Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo wameshakutana naye: arusi yake na Alexander Balas, mfalme wa Syria, ilifanyika Ptolemais, mji unaoitwa Akko, mwaka 150 KK.

Baba yake alipogombana na huyo mkwe, alimchukua binti akamwoza kwa mpinzani, Demetrius wa Pili, wakati Balas yungali hai. Demetrius akatekwa na Waparthi, watawala wa Uajemi wa wakati huo. Thea akaolewa na mdogo wake Demetrius, Antiochus wa Saba, ambaye naye aliuawa vitani na Waparthi hao hao mwaka 129. Wakati huo Demetrius alikuwa ameachiliwa, akarudi nyumbani kudai mke na kiti.

Thea hakumsahau wala hakumfurahia. Demetrius aliposhindwa vitani mwaka 125 na kukimbilia Ptolemais, alikuta mke wake amemfungia milango ya mji. Akaenda Tiro, akauawa huko. Mwana wao mkubwa, Seleucus wa Tano, alijivika taji bila idhini ya mama yake, na mama akamuua. Mwaka huo Thea alipiga sarafu zenye sura yake peke yake na jina lake peke yake, jambo ambalo lilikuwa nadra mno kwa mwanamke wa Syria ya wafalme hao.

Kisha akamweka mwana mwingine, Antiochus wa Nane, aliyeitwa Grypus kwa sababu ya pua yake ya kipanga. Kijana alipoanza kujiona mfalme kweli, mama alimwandalia kikombe alipotoka mawindoni, mwaka 121. Grypus alikuwa ameshadokezwa. Akamsihi mama anywe kwanza, kwa adabu, na alipokataa akamlazimisha. Thea alikufa kwa sumu yake mwenyewe.

Simulizi hizi ziliandikwa na wanaume walioona haya mwanamke kutawala, kwa hiyo hukumu zao zichukuliwe kwa tahadhari. Sarafu hazina upande: zinaonyesha kwamba alitawala.

Na Cleopatra wa Nne?

Binti wa Cleopatra wa Tatu. Aliolewa na kaka yake Ptolemy wa Tisa, mama akawatenganisha kwa nguvu. Hakukaa kulia. Alikwenda Syria akaolewa na mfalme aliyekuwa akipigania kiti dhidi ya Grypus. Tatizo ni kwamba mke wa Grypus alikuwa dada yake, Tryphaena. Antiokia ilipotekwa mwaka 112 KK, Cleopatra alikimbilia hekaluni na kuikumbatia sanamu. Grypus alitaka kumwacha hai. Tryphaena akaagiza askari, na kwa mujibu wa simulizi walimkata mikono kwa sababu haikuachia. Mwaka uliofuata mume wa marehemu alimkamata Tryphaena naye akamuua.

Nimesoma pia jina Cleopatra Selene. Ndiye huyohuyo?

Wako wawili, wasichanganywe. Wa kwanza alikuwa dada mdogo wa hao wa hapo juu. Ndiye aliyepewa Ptolemy wa Tisa baada ya dada yake kutalikishwa, kisha akahamishiwa Syria, ambako aliolewa na wafalme watatu mmoja baada ya mwingine, akiwemo Grypus. Mwaka 69 KK aliuawa kwa amri ya Tigranes wa Armenia. Mke wa Tigranes, binti wa mfalme Mithridates wa Ponto, naye aliitwa Cleopatra. Wa pili atakuja mwishoni.

Kwa hiyo yule mashuhuri alikuwa na nini cha pekee?

Alizaliwa mwaka 69 KK, mwaka uleule aliouawa Selene. Akapanda kitini mwaka 51 akiwa na miaka 18 pamoja na mdogo wake Ptolemy wa Kumi na Tatu, akafukuzwa, akarudishwa kwa msaada wa Caesar. Kugombana na ndugu, kutafuta nguvu ya nje, kumweka mtoto kitini na kutawala kupitia kwake: yote hayo bibi zake walikwisha kuyafanya. Ukimsoma peke yake utadhani ni mwanamke wa vituko. Ukimsoma baada yao utaona alijifunza kazi.

Kipya kwake kilikuwa lugha. Mwandishi Plutarch anasema wafalme waliomtangulia hawakujisumbua kujifunza Kimisri, ilhali yeye alizungumza na Waethiopia, Waebrania, Waarabu, Washami, Wamedi na Waparthi bila mkalimani mara nyingi. Kipya kingine ni adui. Bibi zake walipambana na wafalme waliochoka. Yeye alikutana na Roma. Majeshi yake na ya Antony yalishindwa Actium, pwani ya Ugiriki, tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK, na mwezi Agosti wa mwaka uliofuata akafa akiwa na miaka 39.

Alikuwa Mwafrika? Alikuwa mweusi?

Alizaliwa Afrika, na ukoo wake ulikuwa umeitawala Misri kwa karibu miaka 300. Upande wa baba ulikuwa wa Wamakedonia waliooana wao kwa wao, wakiwa na damu ya Syria ya Kigiriki kupitia yule Mshami. Waandishi wa kale hawakumtaja mama yake waziwazi, na hapo ndipo mabishano yote yanapojichimbia. Ninayeweza kumwita Mmisri bila wasiwasi ni huyu, kwa kuwa ndiye aliyezungumza na Wamisri kwa lugha yao.

Alikuwa mrembo kama wasemavyo?

Plutarch anasema uzuri wake haukuwa wa kupita kiasi, bali mazungumzo yake na sauti yake ndivyo vilivyonasa watu. Sarafu zinamwonyesha ana pua iliyopinda na kidevu chenye nguvu.

Kweli alifikishwa kwa Caesar ndani ya zulia? Na nyoka je?

Zulia halimo. Plutarch anataja mfuko wa matandiko, uliobebwa na mtu wake Apollodorus. Kuhusu nyoka, Plutarch mwenyewe anasema ukweli haukujulikana, na Strabo, mwandishi mwingine wa kale, anataja pia mafuta yenye sumu. Octavian, Mrumi aliyewashinda yeye na Antony, ndiye aliyepitisha sanamu ya malkia mwenye nyoka katika maandamano yake ya ushindi Roma, na baada ya hapo nani angebisha?

Sindano za Cleopatra zilizoko London na New York ni zake?

Hapana. Ni minara ya Thutmose wa Tatu, aliyetangulia kwa takriban miaka 1,400. Warumi waliihamishia Alexandria baada ya malkia kufa.

Kuna mwandiko wake uliobaki?

Huenda ni neno moja. Berlin kuna karatasi ya mafunjo ya mwaka 33 KK inayompa afisa wa Antony msamaha wa kodi: ruhusa ya kutoa Misri ngano na kuingiza mvinyo bila ushuru. Karani ameandika amri yote, kisha chini, kwa mkono mwingine, limeongezwa neno la Kigiriki *ginesthoi*: "na iwe hivyo". Wapo wataalamu wanaoamini mkono huo ni wa malkia. Mimi napenda kuamini pia, ingawa ninajua kupenda si ushahidi.

Jina lilikufa naye?

Hapana, lilikuwa na mwisho mmoja zaidi. Malkia alizaa na Antony mapacha mwaka 40 KK, Alexander Helios na Cleopatra Selene, jua na mwezi. Kaka yao mkubwa Caesarion, mwana wa Caesar, aliuawa kwa amri ya Octavian. Mapacha walipelekwa Roma na kupitishwa barabarani katika maandamano ya ushindi ya mwaka 29, kisha wakalelewa na Octavia, dada wa Octavian. Octavia huyo ndiye mke ambaye Antony alimwacha kwa ajili ya mama yao.

Helios anapotea kwenye maandishi. Selene aliozwa kwa Juba wa Pili, mwana wa mfalme aliyeshindwa na Caesar, ambaye naye alikuwa amepitishwa kwenye maandamano kama hayo akiwa mtoto mchanga. Roma iliwapa Mauretania, nchi ambayo leo ni sehemu za Aljeria na Moroko. Makao yao yalikuwa Caesarea, mji wa Cherchell wa sasa. Sarafu za mume ziliandikwa Kilatini. Za Selene ziliandikwa Kigiriki, "malkia Cleopatra", na baadhi zina mamba, mnyama wa Mto Nile.

Alifariki kabla ya mumewe. Kaburi kubwa la mviringo la wafalme wa Mauretania bado limesimama karibu na Tipaza, Aljeria. Mwana wao hakupewa jina la upande wa baba. Aliitwa Ptolemy, na alitawala hadi mwaka 40 BK, alipoitwa Roma na kuuawa kwa amri ya mfalme Caligula. Caligula alikuwa kitukuu wa Antony. Ptolemy alikuwa mjukuu wa Antony huyohuyo.